Mbuzi Haulizwi

Tangazo la jeshi la kuajiri makurutu likishatoka gazetini, viatu huanza kujaa mlangoni pangu. Nilikuwa nesi wa serikali mpaka nikastaafu, na nyumba yangu hapa Jomvu Kuu ina mizani, mashine ya presha, na ukuta niliouchora mistari ya sentimita wajukuu walipokuwa wakirefuka. Basi vijana huja. Wa hapa hapa, wa Mikindani, wa Miritini, wengine hata mama zao siwajui, jambo ambalo zamani lisingetokea. "Shikamoo mama. Nimekuja unipime kabla sijapimwa."

Masharti wanayajua kunishinda. Uwe Mkenya wa miaka 18 hadi 26. Urefu usipungue mita 1.60, uzani kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Uwe umepata angalau D ya kidato cha nne. Usiwe na rekodi ya uhalifu. Msichana asiwe na mimba. Hizo pointi hamsini na tano za kilo huwashangaza sana, nami nadhani ni ratili 120 za Mwingereza zilizogeuzwa kuwa kilo bila kukatwa mkia. Nami huwaambia kuwa mwili haufuati tarehe ya gazeti. Baina ya tangazo na siku ya uwanjani mara nyingi ni wiki chache tu, na jino lililoanza kuoza lataka kuzibwa mapema, kwa sababu likishang'olewa pengo halina pa kujificha. Sikio linalotoa usaha litibiwe mpaka likauke. Aliyewahi kupasuliwa aende na karatasi zake za hospitali. Usiku wa kuamkia siku yenyewe alale, tena asitafune muguka, hiyo muguka ambayo gavana wetu aliipiga marufuku Mei 2024 na bado naiona mashavuni mwao, maana moyo wa aliyekesha akitafuna hupiga mbio hata mwenyewe akiwa ameketi, na presha yake husomeka ya mzee. Kitambulisho na vyeti viwe vyenyewe, si kopi. Na pesa asimpe mtu. Kuajiriwa jeshini ni bure, mtoa hongo na mpokeaji wote hushikwa, na wapo wazazi waliouza mifugo wakapewa barua ya uongo, mtoto akafika nayo mpaka lango la kambi ya Moi kule Eldoret ndipo akaambiwa jina lake halimo.

Hayo ni ya mwili, nayo ni mepesi. Mazito ni yale wanayoniuliza wakishateremka kwenye mizani, kwa kuwa wanajua pia kwamba wikendi nasomesha wasichana katika chuo cha Kurani. "Mama, nikinywa maji lita mbili kabla ya kupimwa uzani, nimedanganya?" aliniuliza mmoja. Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa na kilo 53.

Nilimpa kisa cha vita vya Uhud, na sikumpa jibu. Mwaka wa tatu wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka na jeshi lake, aliwakagua watu na kuwarudisha waliokuwa wadogo. Abdullahi bin Umar alikuwa na miaka 14, akarudishwa nyumbani. Kwenye vita vya Khandaq, akiwa na miaka 15, akapita. Katika waliokaguliwa siku ya Uhud alikuwamo mvulana akiitwa Rafi bin Khadij. Sira yasimulia kwamba alisimama kwa ncha za vidole ili aonekane mrefu, tena akasemewa kuwa ni hodari wa mishale, akakubaliwa. Mwenzake, Samura bin Jundub, alikuwa amerudishwa, akalalamika kuwa huyo aliyekubaliwa yeye humwangusha mieleka. Wakashindanishwa, Samura akamwangusha kweli, akapita naye.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi nikitafuta mahali ambapo Rafi alikaripiwa kwa vile vidole vyake. Sijapaona. Mwenye hamu huinua kisigino, na anayekagua, akiwa mtu mzima mwenye akili, hukiona kisigino hicho akatabasamu moyoni. Ndizi sita na maji ya kuvimbisha tumbo naziweka hapo hapo. Mizani yenyewe imedanganyika kwa saa moja. Mkojo utasema kweli. Ila yule kijana wa kilo 53 nilimwambia ale ugali na maharagwe kwa mwezi mzima, afike kwa kilo zake, maana kukimbia mbio ndefu na lita mbili za maji tumboni ni adhabu ambayo hata Samura asingeiomba.

Swali la pili hawaliulizi kwa maneno. Huzunguka. Pwani yetu ina ugonjwa wake wa aibu, busha, na ndugu yake matende. Mbu huueneza, minyoo midogo hukaa mwilini miaka na miaka kabla mtu hajavimba. Mwaka 2018 Jomvu ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za Kenya, pamoja na Lamu, zilizopewa dawa tatu kwa mpigo badala ya mbili ili ugonjwa huu ukatwe. Nawakumbuka wanaume waliosimama mlangoni mwao wakisema, "Mimi sina kitu, wapeni wanawake na watoto." Kijana mwenye busha akija kwangu, hutaka nimtizame meno, nimtizame macho, nimpime presha mara mbili, na suruali yake ameivaa pana kuliko ya babake. Mmoja nilimwambia wazi: mwanangu, kule utavuliwa.

Akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza yale ya dini, nikajua kwamba ndiyo yaliyokuwa yakimkwama tangu mwanzo. Mtoto yeyote aliyepita chuoni na kusoma kitabu cha Safina ajua mpaka wa uchi wa mwanamume: kitovu na magoti. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamekubali kuwa mgonjwa humfunulia tabibu kwa kadiri ya haja, na haja ikiisha, nguo hurudi. Lakini yule ni mgonjwa na tabibu wake. Daktari wa hospitali hukutazama akuponye, na daktari wa jeshi hukutazama apate la kukurudishia. Je, kutafuta mshahara ni haja ya kumvua mtu nguo?

Nimelifikiria sana jambo hili na msimamo wangu ni huu. Haja ipo, lakini mwenye haja hiyo ni wale watakaolindwa, na wale watakaosimama ubavuni mwake. Hao wana haki ya kujua kwamba anayewalinda aweza kukimbia, kubeba, kulala chini na kuinuka. Kwa hiyo kutazamwa kwafaa. Ila haja hupimwa kwa kadiri yake: daktari mmoja, pazia moja, mwanamume kwa wanaume na mwanamke kwa wanawake. Kuwapanga vijana safu nzima nusu uchi, mwingine akimtazama mwenzake, hiyo haja haikuomba. Ni mazoea tu, na mazoea hayana fatuwa. Wasichana nawaambia waombe daktari mwanamke, waombe kwa adabu na bila woga. Mwenye busha nilimwelekeza hospitali. Upasuaji wake si mkubwa, na alipata nafuu. Msimu ule wa jeshi ulimpita akiwa na mshono. Hakuniambia kama alijuta, lakini suruali zake siku hizi ni za kawaida.

Sasa meno. Wote wakirudi uwanjani husimulia meno kabla ya mbio. "Fungua mdomo. Panua. Geuka." Pengo moja huku, jino jeusi kule, na mtu amekwisha kutoka kwenye mstari. Nimewauliza kwa nini hilo huwauma kuliko kushindwa mbio, hawajui kunieleza. Mimi nadhani najua kidogo. Katika soko la watumwa la Unguja, lile lililofungwa mwaka 1873, wanunuzi walikuwa wakiwafunua watu midomo na kuwatembeza huku na huko waone mwendo wao. Kapteni Thomas Smee aliyefika Unguja mwaka 1811 aliyaona mambo hayo na kuyaandika. Ng'ambo ya hori letu, Kisauni, kuna Freretown, mji uliojengwa kwa ajili ya waliokombolewa kutoka kwenye majahazi. Huku kwetu wapo wajukuu wa waliouzwa na wapo wajukuu wa waliouza, tunasali na kuoleana, na hakuna hata mmoja anayependa kutazamwa mdomoni na mtu mwenye daftari.

Lakini kuna kitu kilicho karibu zaidi ya soko. Kabla ya Idi ya kuchinja, baba mwenye nyumba humwendea mbuzi, humshika taya, humfunua mdomo atizame meno apate kujua umri. Kisha humtazama macho: chongo iliyo wazi haifai. Mgonjwa wa dhahiri hafai. Kiguru anayeshindwa kuandamana na wenzake hafai. Aliyekonda hata mifupa haina uboho hafai. Siku moja nilikuwa nikiwasomesha wasichana masharti hayo, na kichwani mwangu nina karatasi ya jeshi niliyoonyeshwa asubuhi yake. Umri. Macho. Maradhi. Miguu. Uzani. Nilinyamaza katikati ya somo.

Nilimweleza mzee mmoja wa hapa, mvuvi wa horini, mtu mwenye maneno machache na yote makali. Akasema, "Basi aliyerudishwa ashukuru. Mbuzi chongo huona Idi nyingi."

Neno hilo limenisumbua kuliko alivyokusudia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Kila askari wetu aliyekufa pale alikuwa amefunua mdomo uwanjani, akatazamwa miguu, akaambiwa hana ila. Waliorudishwa kwa ajili ya pengo la jino wako hai, wanaendesha bodaboda. Kwa hesabu ya mzee wangu, ukamilifu wa mwili ni tiketi ya kuchinjwa na kasoro ni sitara ya Mungu. Wapo mama hapa Jomvu wanaoamini hivyo hasa. Wengine wananiomba nimkute mtoto na ugonjwa. Nakataa, lakini siwacheki.

Jirani yangu ni wa kanisa la Kimethodisti, na Wamethodisti wako Jomvu tangu karne ya 19, kwa hiyo tumezoea kubishana kwa heshima. Yeye hunijibu kwa Samueli aliyetumwa kwa Yese kutafuta mfalme, akavutiwa na kijana mrefu mwenye sura nzuri, akaambiwa asitazame umbo wala kimo, na aliyechaguliwa akawa Daudi, mdogo wao, aliyekuwa malishoni. Mimi humjibu kwa Talut katika Suratul Baqara: watu walimkataa kuwa mfalme kwa sababu hakuwa na mali, wakaambiwa kwamba Mungu amemzidishia ilimu na mwili. Mwili umetajwa pale pamoja na ilimu, haukudharauliwa. Tunaishia kukubaliana kwamba jeshi linachagua mwili wa kufanyia kazi, halichagui mtu aliye bora, na kwamba vijana hawaelewi hivyo hata kidogo. Kijana akirudishwa husema "nimeonekana sifai". Hasemi "sifai kwa hili".

Nilipokuwa bado nabishana na mbuzi wa yule mzee ndipo nilipoikumbuka Suratus Saffat. Ibrahimu alipoona katika ndoto kuwa anamchinja mwanawe, hakwenda kumfunga kamba. Alimsimulia ile ndoto, kisha akamuuliza yeye aonaje. Nabii, baba, mwenye amri iliyotoka kwa Mola wake, alimuuliza mtoto. Na mtoto akajibu. Yule kondoo aliyeletwa badala yake hakuulizwa na mtu.

Hapo ndipo nilipopata mpaka nilioutafuta. Mbuzi hufunuliwa mdomo atizamwe meno, basi, habari yake imekwisha. Kijana naye hufunuliwa mdomo atizamwe meno, hupimwa, hukimbizwa, na mpaka hapo sioni alichomzidi mbuzi. Lakini kuna mahali daktari huweka kando tochi yake na kuuliza. Umewahi kuanguka kifafa? Umewahi kuugua pumu? Kifua kikuu? Umewahi kulazwa? Yale mambo ambayo hayaonekani kwa macho, ambayo ni yeye peke yake ajuaye na Mungu wake. Mdomo ule ule uliofunuliwa kama wa mnyama sasa unangojewa useme. Nafikiri heshima yote ya mwanadamu katika ukaguzi ule iko katika dakika ile, na anayesema uongo wakati huo hajamdanganya daktari tu. Ameirudisha nafsi yake kwenye zizi.

Nilikuwa nimeridhika sana na fikira hiyo, mpaka alipokuja kijana mmoja ninayemjua tangu yu tumboni.

Utotoni alikuwa akipata degedege. Hilo si jambo la kutisha kama watu wanavyodhani. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano akipandwa na homa kali aweza kutetemeka mwili mzima, na wengi wao hukua wakaacha, hawana kifafa wala jini. Ndivyo nilivyomwambia mamake wakati ule, alipokuwa amekwisha kumpeleka kunyweshwa kombe. Lakini huyu hakuacha. Alianguka tena shuleni, kidato cha tatu, bila homa. Akapewa vidonge. Watu wa mtaani waliambiwa ni malaria.

Alikuja jioni, wenzake wamekwisha kuondoka. Urefu ulitosha, kilo zilitosha, presha ya mtu aliyelala vizuri.

"Mama, wakiniuliza nisemeje?"

"Mara ya mwisho lini?"

"Ile ile ya shule. Nilikuwa nimekesha nikisoma."

"Na vidonge?"

"Niliacha. Vilikuwa vikinilaza darasani." Akatazama mlango. "Mama, nje ya nyumba yetu wewe ndiwe pekee ujuaye."

Kisha akanipa hoja, na ilikuwa hoja ya mtu aliyesoma chuoni. Dini yetu yatufundisha sitara. Mungu akimsitiri mja aibu yake, si adabu mja kuamka asubuhi akajifichua mwenyewe mbele za watu. Yeye miaka imepita hajaanguka. Mungu amemfunika, yeye ni nani wa kujifunua? Tena babake hana kazi tangu lori zipungue kituoni baada ya reli mpya kuja Miritini, na ndugu zake wadogo ni watatu, na mshahara wa askari hauji kwa kubahatisha kama kibarua cha makontena.

Sikumjibu upesi. Hoja ya sitara ni ya kweli na wanaoivunja siku hizi ni wengi. Watu wanaanika maradhi na dhambi zao kwenye simu kama dagaa. Lakini sitara hufunika kisichomdhuru mwenzako. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kumelowa, muuzaji alisema ni mvua. Mvua haikuwa dhambi ya muuzaji. Kosa lilikuwa kukiweka kilicholowa chini na kikavu juu. Maradhi ya kijana huyu ni mvua, hakuna wa kumlaumu. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia na la kinesi: kukosa usingizi ndiko kulikomwangusha shuleni, na mafunzo ya jeshi ni kukosa usingizi makusudi. Siku utakayoanguka, nikamuuliza, utakuwa umeshika nini mkononi, na mbele yako amesimama nani?

Akasema, "Kwa hiyo utawaambia?"

Na hapa ndipo ile fikira yangu nzuri iliponigeukia. Miaka yote ya kazi nilifungwa na kiapo cha siri ya mgonjwa, na siri hiyo haistaafu nami. Lakini kuna na hao wa mbele ya bunduki, ambao pia ni amana, ingawa siwajui. Ningeweza kumtafuta mtu uwanjani, ninaowajua wapo. Nilikaa na jambo hilo usiku ule mpaka mwadhini akaamka, na kilichoniamua ni yule yule mbuzi. Kama nikienda kusema kwa niaba yake kabla hajaulizwa, nitakuwa mimi ndiye niliyemshika taya nikamfunua mdomo. Nitakuwa nimemnyang'anya kile kitu kimoja alichomzidi mnyama pale uwanjani. Angekuwa amekwisha kukabidhiwa silaha na kunyamaza, hukumu yangu ingekuwa nyingine, kwa kuwa hatari ingekuwa imekwisha kuzaliwa. Lakini alikuwa bado hajafika mbele ya swali. Nilimwambia asubuhi: sitakwenda kusema, na sitakusaidia kuficha. Ukiulizwa, jibu ni lako na Mola wako. Mamake hakunisemesha kwa muda. Alitaka nimwahidi mwanawe kitu, na sikumwahidi.

Alikwenda uwanjani akiwa na namba aliyoandikwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Vyeti vikapita. Kimo kikapita. Mbio alikuwa miongoni mwa wa kwanza, maana watoto wa hapa wamezoea kupanda kutoka horini hadi barabara ya Nairobi wakiwa na madumu. Kisha akafunua mdomo. Magego mawili ya upande wa kushoto hayakuwapo. Aliyang'oa kwa bei rahisi alipokuwa akiumwa wakati wa mtihani, kwa sababu kuziba kungemgharimu zaidi. Alijua, nami nilikuwa nimemwambia, akatumaini hawatatizama mpaka nyuma. Walitizama mpaka nyuma. Hakufika kwa daktari wa maswali.

"Sikuulizwa, mama," aliniambia. Alisema kwa hasira na kwa raha pamoja, na mimi vyote viwili nilivielewa. Amerudishwa kama mbuzi, kwa meno. Ile dakika niliyoisifu, ile niliyomlindia kwa kunyamaza, haikumfikia kabisa. Sijui wangapi hufikiwa nayo. Uwanja mzima wa vijana, siku moja, maofisa wachache. Bila shaka wengi huondoka wakiwa wametazamwa tu bila hata mmoja kutaka neno lao. Siwalaumu maofisa, hesabu ndiyo inayowabana. Ila kama ningeulizwa mimi namna ya kupanga siku ile, ningeanza na mazungumzo na kumalizia na meno. Najua hakuna jeshi duniani litakalofanya hivyo. Maswali yachukua muda, na pengo huonekana kwa kupepesa jicho.

Kuhusu alichokuwa amenuia kujibu, sikumuuliza. Twaambiwa amali ni kwa nia, na nia ya swali lisiloulizwa yaandikwa na ajuaye kuiandika. Mamake amerudi kunisemesha, tena kwa bashasha, akiamini kwamba nilimwombea dua arudishwe. Nimemkanusha, haamini.

Kijana mwenyewe sasa ni utingo wa trela. Hupakia Kilindini na kwenda hadi Malaba. Juzi dereva wake alianza kumwachia usukani penye barabara tupu, mbele ya Mackinnon Road, naye akaja kunieleza macho yakimng'aa. Hapo nilimuuliza mimi lile swali ambalo uwanjani hakuulizwa, na nikamwuliza tukiwa tumesimama, kama daktari. Alianguka tena, kumbe, usiku mmoja safarini, ndani ya kibanda cha lori, dereva akiwa nje anakunywa chai. Alinijibu bila mimi kumkamua. Tumekwenda pamoja kwa daktari, vidonge ameanza upya, vya aina nyingine, na usukani amemrudishia mwenyewe mpaka daktari atakaposema vingine. Dereva alipotaka kujua sababu, alimwambia macho yanamuuma. Hilo nalo bado twalizungumza.